MIELEKA NI UONGO? MUULIZENI MAMA YANGU!

Huku kwetu Makumira ni poa tu, ukiacha vumbi la Januari na mifuko iliyotobolewa na ada za shule. Wiki hii nilipanga kuwapa ile stori ya kimwana wa Tengeru na wachumba wake wawili, lakini itabidi msubiri kidogo, maana nyumbani kwetu limetokea jambo ambalo sikutegemea kuliona mpaka naingia kaburini. Jamani, Mama yangu ametazama mieleka! Tena siyo kwa kupita akielekea jikoni. Amekaa, ametazama, na kuna mahali machozi yamemtoka.

Ili mnielewe inabidi nianzie mbali kidogo. Mama na mieleka ni paka na panya. Yeye ni mwanakwaya, mtu wa heshima zake, na kila akikuta runinga inaonyesha mieleka husimama mlangoni akashika kiuno: "Watu wazima na ndevu zao, wamevaa vichupi vya kung'aa, wanadanganyana kupigana! Na wewe umekaa unatumbua macho!" Akishasema hayo anaenda zake, na sisi tunapunguza sauti.

Aliyeniambukiza ugonjwa huu ni marehemu dingi. Alikuwa dereva wa kifodi, ruti ya Arusha mjini na Usa River, na mapumziko yake yalikuwa Jumapili mchana. Tukitoka ibadani Mama anarudi nyumbani kuinjika, sisi wawili tunakata kona kwenda kibanda umiza pale Leganga. Kiingilio shilingi 200, mtoto 100. Madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi yanachoma makalio, na joto la watu hamsini ndani ya chumba kimoja. Humo ndimo nilimowajua Undertaker, Batista, John Cena na yule mfupi wa kinyago, Rey Mysterio. Shuleni tulikuwa tunaapizana kabisa kwamba Undertaker ameshakufa mara tatu na kufufuka, na aliyebisha alikula kibao.

Siku moja, nikiwa darasa la tano, nikamuuliza, "Baba, eti ni kweli wanapanga nani ashinde?" Dingi akacheka. Akaniambia, "Wanapanga. Lakini yule anayerushwa kutoka juu ya kamba, sakafu hawajapanga nayo." Halafu akaniambia kama nabisha nipande mparachichi wa nyumbani nikajaribu. Mimi sikujaribu. Aliyejaribu ni mshkaji wangu wa jirani, akakaa na plasta mkononi mwezi mzima.

Dingi alitutoka 2016. Kibandani nikawa naenda peke yangu, na kusema ukweli utamu ukapungua.

Sasa turuke mpaka Oktoba 2018. Niko Fomu Foo, mtihani wa taifa uko mlangoni, na kila mtu mzima anayekutana nami barabarani ananiuliza kama nasoma. Kuna mwanachuo alikuwa amepanga chumba karibu na chuo hapa Makumira, naye akaja na shoo moja kwenye laptopu yake. Tukajazana vijana kumi na moja kitandani na sakafuni. Shoo yenyewe inaitwa All In, yaani kama mcheza kamari anayesukuma hela zake zote katikati ya meza bila kubakiza hata ya nauli.

Kwa wale ambao hamfuatilii mambo haya, hiyo ilikuwa shoo ya mieleka huru. Nikisema huru namaanisha haikuwa ya WWE, ile kampuni kubwa ambayo sisi wote tumekua nayo. Mwanamieleka mmoja anaitwa Cody alikuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, lakini walikuwa wamempaka rangi usoni na kumwita Stardust, kichekesho cha kujazia shoo. Mei 2016 akaomba kuondoka. Akatoka kwenye mshahara, akaanza kupigana kwenye vikumbi vidogovidogo huku na huku.

Mwaka 2017 shabiki mmoja akamuuliza Dave Meltzer, mwandishi anayeheshimika sana kwa habari za mieleka, kama kampuni ndogo ya Ring of Honor inaweza kujaza ukumbi wa watu 10,000 kule Marekani. Jamaa akajibu kwamba hilo si la karibuni. Cody akasoma, akasema anaichukua hiyo dau. Akaungana na ndugu wawili wa California wanaoitwa Young Bucks, mabingwa wa kujiuzia fulana zao wenyewe, na pesa za shoo wakazitoa mfukoni mwao. (Fulana moja nyeusi ya kundi lao la Bullet Club niliwahi kuiona kwenye mitumba pale Tengeru. Nilikuwa na nauli tu, na roho inaniuma mpaka leo.)

Tiketi zikatangazwa Mei 2018. Zikaisha chini ya dakika 30! Tarehe 1 Septemba 2018, ukumbi wa Sears Centre, nje kidogo ya Chicago, wakaingia watu 11,263. Tangu miaka ya tisini, kule Marekani hakuna aliyekuwa amefikisha watu 10,000 bila kuwa WWE au WCW.

Basi hiyo ndiyo shoo iliyonifanya nisome sura mbili za Jiografia badala ya kumi. Matokeo yalipotoka Januari 2019, divisheni foo ilinikuta nimekaa. Simlaumu Cody. Hata bila yeye ningefika palepale.

Turudi wiki hii. Mnajua kwamba kabla ya kuanza kuwaandikia hapa nilikuwa kwenye shamba moja la maua hapa Usa, kukata na kufungasha waridi ndani ya grinihausi. Nimekaa humo miaka miwili na miezi. Mwaka jana nikaacha, nikasema naandika. Mama hakugombana nami, ila alinyamaza, na ukimya wa Mama ni mzito kuliko kofi. Hela ya kuandika mnaijua, inakuja kama kifodi cha saa nne usiku: ukiiona unashukuru, na hujui nyingine itapita lini.

Sasa Jumatatu iliyopita msimamizi akanipigia. Valentine inakaribia, Ulaya wanataka waridi, watu hawatoshi, kama nataka mkataba wa miezi miwili nimjibu mwisho wa wiki. Bahati mbaya nilipokea simu hiyo Mama akiwa anasikia. "Umewajibu nini?" "Nimesema nitafikiria, Mama." "Unafikiria nini, baba? Ada ya mdogo wako inafikiria?" Nikakosa la kusema. Siku tatu tukawa tunasalimiana kama wapangaji.

Alhamisi jioni nikasema liwalo na liwe. Mdogo wangu hajawahi kuiona All In, na ninayo kwenye flashi tangu enzi zile. Nikaichomeka kwenye deki, runinga yetu ya chogo ikakohoa, ikawaka. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo palepale sebuleni, maana taa ya jikoni imeungua. Hakuwa na pa kukimbilia.

Nikiri kama shabiki: nimeitazama shoo hii mara nyingi kiasi cha kujua nani ataanguka lini, na bado mapigo ya moyo yanabadilika pale watu wanapoanza kupiga kelele. Mapambano ya mwanzo Mama hata hakunyanyua uso. Waliporushana ulingoni, alisema neno moja tu: "Wehu." Wakaingia akina dada wanne kwa mpigo. Nikamwambia, "Mama, huyo mmoja, Britt Baker, ni daktari wa meno kwelikweli." Akatazama sekunde tatu, akarudi kwenye maharage. Tessa Blanchard akashinda, daktari akatoka mikono mitupu.

Halafu likaja pambano lenyewe. Cody dhidi ya Mwingereza Nick Aldis, kugombea mkanda wa NWA. Chama hicho ni cha mwaka 1948, na mkanda wenyewe ni ule wa enzi za wazee wetu, wanaouita ratili kumi za dhahabu. Hapa nikamweleza Mama kidogo. Baba yake Cody alikuwa Dusty Rhodes, mnene, kitambi nje, mtu aliyejitangaza kuwa mtoto wa fundi bomba na akapendwa na walalahoi kwa sababu hiyo. Mzee huyo aliutwaa mkanda wa NWA mara tatu, ya kwanza 1979. Na usiku ule wa Chicago mwanawe hakuwa na ruhusa hata ya kutumia lile jina la Rhodes, maana kampuni aliyoiacha ilikuwa bado inalimiliki. Akapanda ulingoni kwa jina moja tu, Cody.

Mama akauliza, "Na baba yake yuko wapi? Mbona hayupo kumwangalia?"

"Alifariki 2015, Mama."

Ungo ukasimama. Sikutazama upande ule, na mdogo wangu naye akajifanya haoni.

Pambano likaendelea. Cody akapasuka, damu usoni. Aldis akampanda, akapanda kona ya ulingo ili amwangukie na kiwiko. Mara mke wa Cody, Brandi, akaingia ulingoni na kujilaza juu ya mumewe kumkinga. Aldis alishajirusha. Kiwiko kikamshukia mwanamke!

"Wee!" Mama akapiga ukelele, maharage yakamwagika sakafuni. "Si wamwondoe huyo mama! Refa anatazama nini? Kwa nini hawamwondoi?"

Jamani, nilitaka kumjibu kwamba wamepanga. Neno lilifika ulimini. Lakini nikamwona Mama amekaa ukingoni mwa kiti, na nikakumbuka kwamba dingi alipolazwa wiki tatu zile, huyu ndiye aliyelala sakafuni chini ya kitanda chake, na hakuna aliyeweza kumwondoa. Nikameza neno langu.

Mwishoni Aldis akataka kumpindua Cody, Cody akamkalia, mabega chini, moja, mbili, tatu! Ukumbi ukalipuka. Kwa mara ya kwanza baba na mwana wakawa wote wamewahi kuushika mkanda ule. Cody akaukumbatia analia kama mtoto, na Mama akainama akawa anaokota maharage moja moja, polepole mno, akijifuta uso na ncha ya kanga.

"Vumbi," akasema. Tukakubali kwamba ni vumbi.

Sasa msidhani ninaisifia tu shoo hii kwa kila kitu, shabiki wa kweli ana haki ya kulalamika. Kenny Omega wa Kanada na Penta wa Meksiko walinipa raha, na taa zilipozimwa Penta wa uongo akamvamia Omega, akavua kinyago, kumbe ni Chris Jericho! Mdogo wangu aliruka mpaka akagonga meza. Lakini Okada wa Japani na mpinzani wake wakapewa zaidi ya dakika 25, nzuri ila ndefu, na muda wa matangazo ukaliwa. Matokeo yake pambano la mwisho, lenye Young Bucks upande mmoja na Rey Mysterio, shujaa wangu wa kibandani, upande wa pili, halikufika dakika 12. Watu sita wanaruka mbio mbio kama makonda wanaogombea abiria wa mwisho. Mysterio wangu nikamwona kwa kupepesa. Hilo sijawasamehe tangu 2018.

Tulipomaliza ilikuwa usiku mkubwa. Mdogo wangu akasema, "Kaka, haya ya Wazungu wenye kumbi. Sisi tutayapata wapi?" Nikachukua simu nikamwonyesha Waganda. Kule wilaya ya Mukono kuna vijana wanaojiita Soft Ground Wrestling. Ulingo wao ni udongo laini ulioloweshwa, nguzo za miti na kamba, basi. Aliyewaanzisha ni Daniel Bumba, wanamwita Bumbash, ambaye kabla ya hapo alijulikana kwa kutafsiri mieleka ya Marekani kwa Kiganda, kama wale watafsiri wetu wa muvi vibandani. Hawakusubiri ukumbi. Kijana anarushwa, tope linaruka mpaka kwa watazamaji, na video zao zimezunguka dunia nzima. Mdogo wangu akazitazama mpaka bando likaisha. Bando langu!

Hapo ndipo nikatoa la moyoni. Nikasema, "Unaona Mama? Hawa wote waliacha kusubiri kuitwa. Cody angekaa na ile rangi usoni, nani angemjua leo?" Nilijiona nimeongea kama wakili.

Mdogo wangu, mtoto wa sekondari asiye na adabu, akanikata. "Lakini kaka, si alirudi?"

Kweli alirudi. Hili ndilo linalotugombanisha kila siku kijiweni. Januari 2019 Cody na Young Bucks, kwa pesa za tajiri Tony Khan, wakatangaza kampuni yao ya AEW, na jina la All In likaja kujaza Wembley, London, Agosti 2023, watu zaidi ya 70,000. Lakini siku hiyo Cody hakuwepo. Aprili 2022 alisharudi palepale WWE alipotoka. Washkaji wengine wanamwita msaliti. Mimi mwenyewe nilimwita hivyo mwaka mzima! Mpaka tarehe 7 Aprili 2024, kule Philadelphia, alipombwaga Roman Reigns na kuchukua mkanda mkubwa wa kampuni ile, mkanda ambao baba yake hakuwahi kuupata. Safari hii hakuwa na rangi usoni, na jina la Rhodes alikuwa amelirudisha mkononi mwake. Nikafunga mdomo.

Mama alikuwa amesimama na ungo wake, nikadhani anakwenda kulala. Akageuka.

"Yule daktari," akasema.

"Daktari gani, Mama?"

"Yule msichana wa meno aliyepigwa. Aliacha udaktari?"

Nikamwambia hapana. Britt Baker aliendelea kung'oa meno siku kadhaa na kupigana siku nyingine, na Mei 2021 akawa bingwa wa wanawake wa AEW.

"Ahaa," Mama akasema. "Basi lala, kesho upige simu."

Akaenda zake. Wapenzi wasomaji, mimi nimesoma magazeti, nimesikiliza wachambuzi, nimebishana kijiweni miaka saba kuhusu shoo ile, na katika wanamieleka wote wa usiku ule nilikuwa namtazama Cody peke yake. Mama, kwa jicho moja na maharage mkononi, akamwona niliyemruka.

Basi nimepiga simu. Jumatatu naingia grinihausi, miezi miwili, waridi za Valentine kwa wapendanao wa Ulaya ambao hawajui kuna mtu Usa River anachomwa na miba kwa ajili yao. Ada ya mdogo wangu itapatikana. Na safu hii haifi, nitaiandika usiku nikitoka kazini, hata kama herufi zitakuwa zinanuka dawa ya maua. Wiki ijayo nawaletea yule kimwana wa Tengeru na wachumba wake, safari hii siwadanganyi.

Flashi nilitaka niende nayo kazini nikawaonyeshe wenzangu. Mama amekataa. Amesema niiache nyumbani, eti mdogo wangu hajaimaliza.